Sahani ya Bi Mwanakhamis

Jumamosi mtaa wa maduka wa Mlandege hauna pa kuweka mguu. Sichana alipenya katikati ya watu amekumbatia kichwa cha cherehani yake, amekifunga kwa khanga kama mtoto mgonjwa. Alivaa gauni la buluu alilolishona mwenyewe, na shingoni kidani chembamba cha fedha chenye msalaba mdogo. Mikono ilikuwa imeshaanza kumfa ganzi. Kabla hajakitua, kijana mmoja alitoka kwenye kibanda akampokea bila ya kuombwa.

"Pole, dada. Mgonjwa wetu anaumwa nini?"

"Anaruka mishono."

Kijana akakifungua, akatikisa kichwa. Alikuwa Mjaka, fundi wa vyerehani, mtu wa kisiwa cha Tumbatu kwa mama. Shati lake lilipigwa pasi vizuri, ingawa vidole vilikuwa vyeusi kwa mafuta.

"Mashine unainyima mafuta, kisha unaidai magauni ya harusi! Ingekuwa na mdomo ingekushitaki."

"Na wewe ungekuwa wakili wake?"

"Aa, mimi shahidi tu. Wakili lazima awe na suti."

Alipomaliza hakumwachia abebe. Alikichukua mwenyewe mpaka kwenye chumba chake cha kushonea, vichochoro vitatu mbele. Sichana aliliweka moyoni hilo.

Simu zikaanza.

"Umekula, mpenzi?"

"Nshakula."

"Umekula nini?"

"Maneno yako."

"Basi njaa itakuua. Nnakuja na mishikaki."

Miezi saba ilipita hivyo. Jumapili jioni tu ndipo Sichana hakupatikana. Baba yake, Mzee Agustino, alikuwa katekista. Tangu ujana wake aliingia nyumba za waumini, akakaa na familia nzima mkekani, akawajulisha Yesu ni nani. Mkewe alipofariki, bintiye ndiye aliyefuatana naye. Mjaka, Muislamu mwenye kushika dini yake, aliyajua yote hayo na hakuwahi kuyasemea vibaya.

Siku moja akapiga simu, sauti imechangamka. "Mama anataka kukuona. Jumamosi atapika, kule kwetu Kidichi. Vaa lile la buluu." Akashusha sauti. "Na kile kidani, kiache nyumbani."

"Kwa nini?"

"Mama mtu wa zamani. Nimemwambia wewe ni fundi wa mjini. Mengine sikuyasema."

"Kwa hiyo alipokuuliza dini yangu, ulisemaje?"

"Nimesema... nimesema mtoto wa watu wema."

Sichana alikaa kwenye kiti cha cherehani. "Mjaka, mama yangu alipokufa, Yesu ndiye aliyenishika mkono nikainuka. Leo unataka nimfiche kabatini ndipo nile kwa mama yako?"

"Sichana, ni kidani tu."

"Kama ni kidani tu, mbona unakiogopa?"

Akakata simu. Jumamosi hakwenda. Wiki tatu simu ililia na hakuipokea. Gauni la buluu lilibaki msumarini, na kila akilitazama macho yalimjaa maji.

Wiki ya nne, asubuhi, mwanamke wa makamo aliyevaa buibui alisimama mlangoni, amebeba sahani iliyofunikwa kawa.

"Wewe ndiye Sichana?"

"Ndiye mimi. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi Mwanakhamis, mamake Mjaka. Nilipika, hukuja. Nikaona leo nije nacho mwenyewe." Akafunua kawa: mikate ya kumimina, bado ina moto. "Mwanangu kanieleza yote, tena kwa kulia. Hicho ndicho kidani?"

Sichana aliufunika msalaba kwa kiganja, kisha akaona haya, akauachia.

"Isa mwana wa Maryam nnamjua," alisema Bi Mwanakhamis, akikaa mkekani. "Kwetu ni mtume, na juu yake mimi nawe tunasema mbali mbali. Sikudanganyi kwamba nitabadilika. Lakini nataka nimjue huyo unayemjua wewe, aliyekufanya uniachie wali wangu ukapoa. Hebu nijulishe."

Sichana alishawaeleza wengi habari hizo, lakini siku ile ulimi ulikuwa mzito. Akachagua iliyo karibu na moyo.

"Alikuwa na rafiki mvuvi, Petro. Usiku aliokamatwa, watu walimuuliza Petro kama anamjua. Mara tatu akasema hamjui. Yesu akauawa msalabani. Sisi tunaamini alifufuka. Sasa alfajiri moja Petro na wenziwe wako majini, usiku kucha hawakupata kitu. Wanamwona mtu pwani. Ni yeye. Amewasha makaa, amewabanikia samaki, na mkate. Akawaita waje wale."

"Na yule aliyemkana?"

"Na yeye."

"Hakumsimanga?"

"Hata. Walipokwisha kula alimuuliza tu kama anampenda. Mara tatu."

Bi Mwanakhamis, binti wa wavuvi, aliisogeza sahani mbele ya Sichana. "Mtu aliyerudi kutoka baharini mikono mitupu hasemeshwi," alisema. "Analishwa kwanza. Huyo alijua."

Sichana aliinamisha kichwa. Maneno aliyoyasema yeye mwenyewe yalikuwa yamemrudia.

Bi Mwanakhamis akainuka. "Sahani siichukui leo. Nitaifuata kwenu, na mwanangu nyuma yangu."

Alipoondoka tu, Sichana akachukua simu.

"Mjaka."

"Naam." Sauti ilikuwa kavu.

"Umekula?"

"Sijala."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumamosi ile."

"Muongo! Mama yako hangekuacha."

Mjaka akacheka, kisha kicheko kikakatika. "Nisamehe. Aibu ilikuwa yangu, nikakuvisha wewe."

"Njoo Jumapili na mama. Kidani nitakivaa."

Jumapili, nyumbani kwa kina Sichana, Mwanakwerekwe, Mjaka alikaa mbele ya Mzee Agustino, kanzu nyeupe, kofia mapajani, mama yake pembeni. Posa ilikwisha semwa. Mzee alimgeukia.

"Maisha yangu yote nimeingia nyumba za watu kumtambulisha Yesu," alisema. "Leo watu wamekuja kwangu, na hawamwombi binti yangu amwache Yesu. Mjaka, unampenda?"

"Nampenda, baba."

"Ndugu zako wakikuuliza yeye ni nani?"

"Nitasema ni Mkristo, naye ni wangu."

"Na watoto?"

Mjaka aliinua macho. "Hapo sina jibu, baba. Nikisema ninalo nitakudanganya."

Mzee alimtazama. "Unampenda?"

"Nampenda."

"Mjaka. Unampenda?"

Kijana alishindwa kuzuia machozi. "Baba, unajua kwamba nampenda."

Bi Mwanakhamis alitia upindo wa mtandio mdomoni. Hadithi ile alikwisha kuisikia.

"Basi tuleni," alisema Mzee Agustino, "kabla samaki hajapoa."

Sichana akaleta sahani ya Bi Mwanakhamis, imejaa changu aliowabanika mwenyewe, na bakuli la mchuzi wa nazi. Alipoinama kupakua, msalaba ukaning'inia juu ya mchuzi. Bi Mwanakhamis aliunyooshea mkono, akaukinga kiganjani usiloe, akaushika hivyo hivyo taratibu mpaka mkwewe alipomaliza kupakua.