Bibi wa Basi la Barafu

Kitendawili! Umesema tega? Haya: jiwe langu laelea majini, jua likiliona hulia machozi.

Barafu, mjukuu wangu.

Barafu hiyo, kule juu Greenland, watalii wa Birmingham walikuwa wakienda kuitazama kwa meli. Basi lao lilikuwa limeshaondoka kuelekea bandarini. Ndani ya sanduku mojawapo, bomu. Meli izame mbele ya kijiji cha wavuvi, manowari za kigeni zipate kisingizio cha kuingia kuokoa watu.

Zikishaingia, zisitoke.

Maisara, jasusi mzaliwa wa Unguja, alisimama ndani ya ghala kule Tyseley, Birmingham, bastola ya Glock kiunoni. Mbele yake watu wawili walikuwa wamefungwa kwenye viti. Wa kwanza Athanase, mfanyamagendo wa Bukavu. Wa pili Bi Sikuzani wa Winson Green, ajuza aliyelipiwa safari na wakwe zake.

Bi Sikuzani walimshusha kwenye basi hilohilo. Simu ya Athanase ilikuwa imenaswa ikisema mzigo atabeba bibi, na bibi wa Kiswahili mle alikuwa yeye peke yake.

Sandukuni mwake mlikuwa na soksi za sufu na halua. Hafidh, mkuu wa Maisara, akamvunja kidole hata hivyo.

Kisha cha pili.

"Mwanangu, nimekosa nini?"

Hafidh akashika cha tatu.

Athanase akacheka. "Muko munavunja vidole ya koko ya watu bure. Bibi yangu miye anapakaka rouge ku midomo."

Maisara aliganda.

Koko. Kwa Wakongo, mzaa mama ni koko. Bibi ni mke wa mtu.

"Muache," alimwambia Hafidh. "Mzigo anao mkewe."

Pikipiki yake ya Ducati ilinguruma hadi Great Barr. Basi lilikuwa limekwama kwenye foleni ya barabara kuu ya M6. Maisara alipanda. Kiti cha nyuma alikaa binti mwenye midomo myekundu, mkono ndani ya mkoba.

"Bibi ya Athanase?"

"Ndiyo?" Binti huyo, Déborah, aliitika kabla hajafikiri.

Kidole chake kilikuwa kinatafuta kitufe. Glock ilikohoa mara moja. Kidole kikatulia.

Maisara alifungua sanduku la marehemu, akang'oa betri.

"Mzigo?" Hafidh aliuliza redioni.

"Umelala."

"Na bibi?"

"Naye kalala."

Aliporudi ghalani alimfungua kamba Bi Sikuzani. Vidole vilikuwa vimevimba kama ndizi mbivu. Ajuza hakulia. Alikuwa bado anamtazama Hafidh, anangoja jibu la swali lake.

Maisara alifunga zipu ya koti, akaenda zake bila haraka. Nyuma yake akasikia Hafidh akikohoa.

"Kuitwa bibi, mama. Hilo tu."