Kichwa cha Beki wa Kati

Jumamosi asubuhi soko la Soulard, mjini St. Louis, halina adabu. Watu wanasukumana na mifuko ya nyanya, mbwa wanakanyagwa, muuza mahindi anashindana kelele na muuza matikiti. Katika vurugu hizo mwanamume mmoja mrefu, kofia nyekundu ameishusha hadi kwenye nyusi, alirudi kinyumenyume kumpisha mama mwenye kigari cha mtoto, akaivaa meza ya Mersiha Hadžić. Sinia zima la pita, mikate myembamba iliyoviringishwa na nyama ndani, likaenda chini.

"We! Macho umeyaacha nyumbani?" Mersiha alifoka. Alivaa aproni ya bluu, unga hadi kwenye viwiko, nywele zake nyeusi kazifunga kwa kitambaa cha njano.

"Samahani, dada. Nazinunua zote."

"Hata zilizolala chini?"

"Nimewahi kula vibaya kuliko hivyo nikiwa Columbus."

Mzee mmoja kwenye foleni alishindwa kuvumilia. "Binti, unajua unamfokea nani? Huyo ni Garrett Niehaus!"

"Ndiye nani?"

Mzee nusura azimie. Garrett alicheka kicheko ambacho hakuwa amekicheka tangu atundike viatu, na hapo hapo akampenda. Mtu akisema mapenzi ya namna hiyo hayapo, basi hajapata kufokewa na mwanamke mzuri mbele ya watu.

Garrett alikuwa mzaliwa wa St. Louis, kusini mwa mji, babu zake Wajerumani. Alipomaliza chuo, klabu ya Columbus ilimchukua. Asubuhi moja akapigiwa simu kuwa amebadilishwa kwa winga wa klabu ya Salt Lake, anatakiwa huko mara moja. Ligi yao ndivyo ilivyo, mchezaji haulizwi. Anahama na maziwa yake yakibaki kwenye jokofu. Miaka ya mwisho tu ndiyo aliyochezea nyumbani, na kila kona iliyopigwa mji mzima ulijua nani ataruka. Kisha akastaafu. Waandishi aliwaambia ni goti. Na kwa Mersiha alisema goti lile lile.

Mapenzi yakakolea, wakawa wanapigiana simu kila siku.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula. Sijashiba. Nina njaa ya kukuona."

"Acha maneno ya dukani. Mama anauliza, Mjerumani wangu anakuja Idi au haji?"

"Mwambie nitatangulia hata kabla ya kahawa."

Lakini kuelekea Idi Garrett alibadilika. Simu ikiita, anatoka nje nayo. Siku moja Mersiha aliliona jina kwenye kioo cha simu: Corinne.

"Nani huyo?"

"Mtu wa kazi."

"Kazi gani, na umestaafu?"

"Mersiha, jamani. Kazi ni kazi."

Siku ya Idi mama yake, Bi Fadila, alipika tangu alfajiri: supu, dolma za mboga zilizojazwa nyama, baklava inayodondosha asali. Mersiha alivaa gauni la kijani lililomkaa sawasawa, akakaa dirishani. Supu ikapoa. Wageni wakaacha kuuliza. Garrett alifika chakula kimeshaondolewa mezani, shati limemganda mgongoni kwa jasho, macho mekundu.

Mersiha alimzuia mlangoni. "Ulikuwa kwa Corinne."

 Garrett angeweza kusema neno moja tu na mambo yakaisha. Hakulisema.

"Ndiyo," alijibu.

"Basi rudi huko huko."

Mlango ulifungwa, na majirani wote wa mtaa wa Bevo wakausikia. Mersiha alilia na gauni lake la kijani, akalala nalo. Bi Fadila alimwekea kahawa pembeni na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakutoa ushauri.

Wiki iliyofuata sokoni alikuja Tobias Ruckert, kipa wa zamani, rafiki wa Garrett, tumbo mbele kicheko nyuma.

"Shemeji! Mbona umenuna, na mwenzio anarudi uwanjani?"

"Uwanja gani?"

"Hajakwambia? Mabeki wawili wameumia. Yule Corinne wa klabu kampigia simu mpaka kakubali. Anacheza hadi mwisho wa msimu. Kabakiza kupimwa kichwa tu."

Mersiha alikiweka kisu chini. "Kichwa? Si goti?"

Tobias aligundua amekwisha kuropoka, akaona afadhali acheke. "Goti! Kichwa kile kimegongwa mara ngapi? Kule Salt Lake aliamka akauliza tunacheza na nani. Lakini usiwe na wasi, kipimo anakiweza. Wote tulikiweza."

"Mnakiwezaje?"

"Mwanzo wa msimu daktari anakupima ukiwa mzima. Anakusomea maneno uyakumbuke, anakusimamisha mguu mmoja umefumba macho. Basi wewe unajifanya zuzu. Unasahau makusudi, unayumba makusudi. Ukija kugongwa, wanakupima tena, wanalinganisha, wanaona hujashuka. Unarudi kucheza." Tobias alijipiga kifua. "Akili hiyo, shemeji!"

Hakuna aliyecheka naye. Mersiha alivua aproni, akamwachia mama yake meza, akaenda nyuma ya ghala la ndizi na simu. 

"Garrett. Siku ya Idi ulikuwa wapi?"

Hakumngoja ajibu.

"Nakuuliza. Na safari hii usinidanganye."

"Nilipotea," alisema kwa sauti ndogo.

"Ukapotea wapi?"

"Njia ya kwenu. Nilifika kwenye kile kinu cha upepo cha mtaani kwenu, nisijue nikate wapi. Nikazunguka, nikazunguka. Nikaegesha gari nikakaa."

Mersiha alifumba macho. Njia ile Garrett alikuwa ameipita mara nyingi, akipiga honi na kuimba. Kumbe alikuwa radhi aonekane mhuni kuliko aonekane mgonjwa.

"Wewe mwanamume ni mpumbavu!" alisema huku analia. "Mimi nimekesha namchukia mwanamke wa watu!"

"Nisamehe, kipenzi. Kesho napimwa. Nikipita, ni mechi chache tu. Uwanja umejaa, Mersiha, wewe hujui. Ile kelele mimi sina kingine kinachofanana nayo."

"Nenda kapimwe. Ila usijifanye. Ukijifanya, mimi sipo."

Alikata simu kabla hajajibiwa.

Kesho yake Garrett alikaa mbele ya daktari kijana, mgeni pale klabuni. Hakujifanya. Alikaza akili yake yote. Maneno aliyasikiliza kama mtu anayesomewa hukumu, kisha akayatafuta, mengine yakaja, mengine yakakataa. Kwa mguu mmoja alisimama ameng'ata meno, jasho linamtoka, na bado sakafu ilimwendea upande.

Daktari aliangalia kioo cha kompyuta yake, akatabasamu. "Hongera, kaka! Alama zako ni zile zile za zamani. Hujashuka hata kidogo."

Garrett aliacha kujifuta jasho. Zile zile. Alama alizozipata akijifanya zuzu, leo amezipata kwa nguvu zake zote.

Mkataba ulikuwa mezani, umeshapigwa mhuri. Dirishani uwanja ulionekana, nyasi zinamwagiwa maji. Alikuwa na hiari ya kunyamaza, na hakuna ambaye angejua, hata Mersiha.

"Daktari," alisema, "zile za zamani zilikuwa za uongo."

Alipotoka kwenye ujia alijiegemeza ukutani, akapiga simu. Mersiha aliipokea kabla haijamaliza kuita.

"Nimefeli," Garrett alisema.

"Umefeli kweli, au umejifelisha kwa ajili yangu?"

"Kweli. Kwa akili zangu zote." Alijishusha akakaa sakafuni. "Naogopa, Mersiha."

"Najua. Mimi pia naogopa. Uko wapi? Usiendeshe, nakuja."

"Ngoja. Kuna kitu nilitaka kukuuliza siku ya Idi, mbele ya mama yako. Nitakuuliza vizuri kesho, nikiwa nimevaa suti."

"Niulize sasa hivi."

"Hapa? Kwenye simu, nimekaa chini sakafuni?"

"Sasa hivi, Garrett."

Akavuta pumzi. "Utakubali nikuoe?"

"Nakubali," Mersiha alisema, funguo za gari tayari mkononi. "Na kesho ukisahau ukaniuliza tena, nitakubali tena."