Mzee Wembe na Mshipa wa Shingo

Kinyozi yule aliitwa Mzee Wembe kwa sababu mbili. Kwanza, mashine hakuzipenda; ndevu alizinyoa kwa wembe tu. Pili, ulimi wake. Ukikaa kwenye kiti chake, utanyolewa, na juu ya hilo utasemwa.

Asubuhi moja alikuwa anamnyoa muuguzi wa zahanati ya jirani. Mzee alikuwa anasimulia mambo ya harusi fulani, na mkewe, aliyekuwa akifua taulo nyuma ya pazia, anamsahihisha kila baada ya neno. Ghafla maneno yakaanza kumtoka vipandevipande. Mkono wa kulia ukalegea. Wembe ukaanguka sakafuni.

Muuguzi aliruka, akamkalisha kwenye kiti.

"Inua mikono yote miwili, mzee."

Wa kushoto ulipanda. Wa kulia ulibaki pajani.

Baada ya dakika kumi hivi, mkono ulirudi na maneno yakarudi. Mzee akaokota wembe.

"Njoo nikumalizie. Umebaki kama shamba lililolimwa nusu."

"Humalizi kitu. Tunakwenda hospitali sasa hivi."

"Ya nini, na imeshapita? Ni uchovu tu."

"Si uchovu huo. Ni kiharusi kimebisha hodi. Kinaweza kurudi leo, kesho au wiki hii. Kikirudi, huenda kisiondoke."

Mkewe alitokeza, mikono inachuruzika maji. "Mdharau mwiba mguu huota tende. Vua aproni, baba watoto."

Hospitalini alipimwa shingo kwa ultrasaundi, na moyo pia. Kisha daktari wa mishipa, mama mmoja mpole, akawachorea kwenye karatasi.

"Shingoni kuna mishipa miwili mikubwa inayopeleka damu kwenye ubongo. Wako wa kushoto umejaa mafuta yaliyoganda. Njia imebaki robo tu. Kipande kilimeguka, kikaziba damu ubongoni kwa muda. Ndiyo maana mkono na maneno vilipotea."

"Sasa tufanyeje?" mke aliuliza.

"Dawa atakunywa: ya kuzuia damu isigande, ya mafuta na ya presha. Sigara, basi. Lakini kwake dawa peke yake haitoshi. Kuna njia mbili za kufungua mshipa. Ya kwanza ni upasuaji. Tunapasua shingo, tunafungua mshipa, tunatoa uchafu, tunashona. Ya pili, tunapitisha waya mwembamba kutoka pajani, ndani ya mshipa, mpaka shingoni. Tunapanua kwa puto dogo, tunaacha kibomba cha wavu kishikilie njia."

"Waya," Mzee Wembe alidakia. "Weka waya tumalize."

"Mbona haraka hivyo, mzee?"

Mzee akajipapasa shingo.

"Daktari, nimeshika wembe kwenye shingo za watu miaka hamsini. Najua ngozi ya pale ilivyo nyembamba. Naogopa."

Mkewe akamshika bega. Tangu aolewe hajawahi kumsikia akilitamka neno hilo.

"Kuogopa ni haki yako," daktari alisema. "Ila usichague kwa kuangalia kovu. Waya nao una hatari yake. Ukipita, unaweza kumegua uchafu ukaenda ubongoni. Kwa waliovuka miaka sabini, kiharusi cha siku zile za mwanzo hutokea zaidi kwa waya kuliko kwa kisu."

"Na kisu?"

"Kisu kinaweza kuusumbua moyo, au kugusa neva, sauti ikakwaruza kwa muda. Baada ya mwezi wa kwanza, njia zote mbili zinalinda karibu sawa, miaka mingi."

"Mimi nina sabini na tatu."

"Na moyo wako ni imara. Yule mama mliyekaa naye nje, shingo yake ilichomwa mionzi zamani kwa sababu ya uvimbe. Kumpasua pale ni shida. Yeye tutampa waya. Kila mtu na shingo yake."

"Angekuwa baba yako?" mke aliuliza.

"Ningempeleka kwenye kisu. Na iwe wiki hii, siyo mwezi ujao."

Mzee Wembe akashusha pumzi. "Haya. Kinyozi hajinyoi. Ninyoeni nyinyi."

Alipasuliwa siku ya tatu. Alipozinduka, alitafuta mkono wa mkewe akaubana kwa mkono wa kulia, mpaka mkewe akalia kwa furaha. Sauti yake ilikwaruza wiki tatu. "Ndizo wiki pekee nilizopata kumaliza sentensi," mkewe huwaambia majirani.

Sasa amerudi kazini. Dawa anakunywa kila asubuhi, na sigara kaiacha. Wateja hawachoki kulitazama kovu lake.

"Kwa hiyo, mzee, kipi bora, kisu au waya?" seremala mmoja alimuuliza juzi, povu limejaa kidevuni.

"Kwangu kisu. Kwa yule mama, waya. Hayo muulize daktari. Mimi nakuambia moja tu: mkono ukilegea, maneno yakipotea, au jicho likizima, hata kwa dakika tano, usingoje. Nenda siku ileile."

Seremala aligeuka kumtazama.

"Jicho langu la kushoto lilizima jana," alisema polepole. "Likarudi. Nikaona ni uzee."

Mzee Wembe aliweka wembe chini, akachukua taulo, akamfuta povu.

"Mama watoto," aliita, "funga duka. Tunatoka na seremala."