Bhoke na Pua ya Askari

Kila mtu kijijini Buswahili aliijua sheria. Tangu kichaa cha mbwa kilipoingia maeneo yale, mbwa alifungwa mchana na usiku, akatembezwa kwa kamba tu. Akionekana anazurura, mwenyewe alibeba mawe ya msingi wa zahanati Jumamosi nzima. Akionekana mara ya pili, mbwa alipigwa risasi.

Katika miaka ile, ambapo hata kipande cha sabuni kilipangiwa foleni, Bhoke alikuwa darasa la sita. Kila asubuhi alimtembeza Askari, mbwa wa kwao mwekundu, hadi kisimani na kurudi. Alimtembeza kama alivyofundishwa kuswaga ng'ombe. Ng'ombe akiinamisha kichwa kando ya shamba la mtu, hiyo ni kesi. Basi kila Askari alipopeleka pua kwenye nyasi, Bhoke aliivuta kamba. "Kichwa juu! Twende!"

Usiku Askari hakutulia. Alibweka, akaizunguka nguzo, akatafuna kamba. Jumatatu alfajiri kamba ikakutwa imekatika, na wanafunzi wakiwa mstarini, Makongoro, kamanda wa mgambo, akaingia shuleni akimburuta mbwa mwekundu.

"Huyu ni wa nani?"

"Jamani, Askari katoroka jeshi!" Gati, rafiki yake Bhoke, akanong'ona, na mstari mzima ukacheka.

Bhoke hakucheka. Alitoka mbele. "Ni wa kwetu, afande. Mawe nitabeba mimi."

"Vema. Lakini sikia, binti. Nikimkuta tena, sitauliza ni wa nani."

Nyumbani alimkuta mama yake, Skolastika, akitwanga udaga, ile mihogo mikavu ya ugali. Machozi yalikuwa karibu kumtoka Bhoke. "Mama, namtembeza kila siku! Anataka nini zaidi?"

"Kesho nitawafuata, nione."

Kesho yake mama aliwafuata hadi njia ya kisimani, kisha akasimama akacheka. "Bhoke, kwani Askari anakula mahindi?"

"Hapana, mama."

"Sasa unamkataza nini kuinama? Wewe nikikupeleka mnadani nimekufunga kitambaa usoni, ukirudi utasema umeuona mnada? Mbwa huijua dunia kwa pua. Miguu yake umeitembeza, akili yake umeiacha nguzoni."

Bhoke akailegeza kamba. Askari alisita, akamtazama kana kwamba anasubiri kukemewa, kisha akazamisha pua vichakani. Alinusa nyayo, akanusa kinyesi cha mbuzi, na kwenye kichuguu akakaa kitambo kirefu, mkia ukicheza polepole. Kisimani hawakufika.

"Bhoke, mbwa wako anasoma gazeti?" Gati akapaza sauti akipita na ndoo.

"Anasoma. Usimsumbue!"

Jioni ile Askari alikula ugali wake wote, akalaza kidevu juu ya miguu, akalala. Asubuhi kamba ilikuwa nzima. Tangu hapo Bhoke aliamka mapema zaidi, maana matembezi ya pua hayana haraka, na shuleni hakuchelewa.

Jumamosi ikafika. Bhoke alibeba mawe kutoka kilimani, kata ya nguo kichwani, kamba ya Askari mkononi. Kila aliporudi mikono mitupu, alimpa mbwa nafasi ya kunusa. Makongoro alikuwa akiwatazama.

"Huyu ndiye aliyekata kamba?"

"Ndiye, afande."

"Mbona katulia kama mzee wa kanisa?"

Mama, aliyekuwa amemletea binti yake uji, alijibu. "Afande, tunamfunga kwa ajili ya afya yetu, na ni haki. Lakini anayemfunga mnyama ana wajibu wa kujua anahitaji nini. Chakula hakitoshi, na mwendo wa haraka hautoshi. Mbwa aliyenusa hadi akaridhika hana sababu ya kutoroka." Akamgeukia Bhoke. "Nawe ulisimama mbele ya shule nzima ukakubali kosa. Mwanangu, leo natembea kifua mbele."

Bhoke akatua jiwe la mwisho juu ya msingi. Makongoro akalisukuma kwa buti, halikutikisika.

"Adhabu imekwisha, binti. Mchukue askari wako."

Bhoke akanyoosha shingo, akailegeza kamba, akaifuata pua ya mbwa wake hadi nyumbani.