Barafu Mkononi mwa Kiroboto

Kipande kile cha barafu yenye gesi kilikataa kuisha. Vingine vyote vilivyotolewa kwenye tope la chini ya bahari viliwaka kidogo, gesi ikaisha, yakabaki maji. Hiki kilikuwa kikiwaka kiganjani mwa Kiroboto tangu chakula cha mchana, na hakikudondosha hata tone.

"Acha mchezo, mdogo wangu," dada yake alimwambia. Yeye ndiye aliyekuwa mtunza sampuli wa meli ile ya kuchimba gesi, na mzaha wa kuwasha barafu mkononi ulikuwa wa mabaharia wote, kila walipopata mgeni wa kumtisha.

Kiroboto, aliyepewa jina hilo kwa kutotulia, alikuwa ametulia tuli. Akafumba kiganja. Moto ukazimika, na maabara nzima ikanuka tope na uozo wa zamani. Alipokifumbua, kipande hakikuwemo, wala tone la maji.

"Dada, nasikia baridi," akanong'ona.

Wakamfunika mablanketi. Mpishi akaleta chupa za maji moto, akazikandamiza mbavuni mwake.

"Huyu ana jini," mpishi alisema kwa sauti ya chini.

Kila walipoongeza joto kifua cha Kiroboto kilivimba, ndani yake mapovu yakachemka kama sufuria, kisha chini ya sauti ya Kiroboto ikasikika sauti nyingine, nzito, ya kitu kilicholala muda mrefu mno, ikibembeleza, "Ongeza, dada, ongeza," na vioo vya madirisha vikaganda kwa ndani ilhali jua lilikuwa kali nje, naye dada, nywele zikimsimama, akakumbuka kazi yake mwenyewe: barafu hii hufunguliwa na joto, na kipande cha kujaa ngumi hutoa gesi ya kujaza ndoo kadhaa.

Akatupa mablanketi, akamburuta hadi chumba cha baridi cha sampuli, akamfungia. Kifua kikashuka. Kupitia kioo cha mlango, Kiroboto akamtazama kwa macho yake halisi.

"Kimelala. Hata nikilia, usifungue."

"Sifungui," aliapa, moyo ukimuuma.

Lakini Kiroboto hakulia. Aliteleza chini, midomo ikageuka myeusi, akaacha kupumua. Ni dada gani angesimama kutazama? Akafungua, akapiga magoti, akampulizia pumzi kinywani. Kitu cha baridi kikapanda kutoka kifuani mwa Kiroboto, kikamshuka dada kooni.

Kiroboto akakohoa, akaketi, akacheka kwa furaha ya kuwa hai.

"Dada! Mbona mikono yako ni ya baridi hivi?"

"Niletee blanketi, mdogo wangu," alijibiwa kwa upole.

Naye, kwa mapenzi, akakimbia kuleta mawili.