Saa Moja ya Rula

Kila mwezi Nyamal alipita dukani kwa Mama Sahra, mtaa wa Gurei jijini Juba, kuchukua barafu. Haikuwa ya juisi. Ilikuwa ya kuhifadhi sindano za kisukari za nyanya yake aliyeishi Akobo, ambako wakati wa mvua hakufikiki ila kwa ndege. Dawa hiyo ikipata joto kali huharibika.

Mwezi huu mama yake alimwambia, "Ukitoka shule, pitia uwanja wa ndege. Muulize Fred wa mizigo safari ya kesho itachukua muda gani, nijue niweke barafu kiasi gani."

Lakini jua lilikuwa kali, na Nyamal alikuwa hodari wa hesabu, tena alijijua. Akapima kwa rula ramani ya ukutani darasani, kutoka Juba hadi Akobo, akagawanya kwa mwendo wa ndege ndogo.

"Fred amesema ni saa moja na kidogo," alimwambia mama nyumbani. Mama akaweka vipande viwili tu vya barafu, maana mzigo hulipiwa kwa uzito.

Asubuhi mama alikwenda kazini hotelini, mtaa wa Amarat, Nyamal akapeleka boksi la dawa uwanja wa ndege. Likapakiwa. Ndipo Fred, Mganda mwenye sauti nene, akawatangazia abiria: "Watu ya Akobo, leo mnalala Pibor! Kule uwanja iko matope. Kesho wakitembea juu yake waone imekauka, na wafukuze ng'ombe, ndiyo ndege itaenda."

Nyamal alipiga hesabu tena. Kutoka Pibor hadi Akobo hata nusu saa ya kuruka haifiki, lakini rula haikumwonyesha tope wala ng'ombe. Angenyamaza, kila mtu angeilaumu mvua. Na nyanya angejidunga dawa iliyoharibika.

"Mjomba Fred," alisema huku akilia, "boksi letu lina barafu kidogo. Mama alinituma nikuulize, sikuja. Nilipima ramani kwa rula, nikamdanganya kwamba ulisema saa moja."

Fred alimtazama kwa hasira. "Mimi nilisema? Wewe mtoto!" Hata hivyo, kwa kuwa ndege ilikuwa tayari inaondoka, akampigia mama simu palepale. Mama naye akampigia Duop, binamu yake, muuguzi wa Pibor. Ndege ilipotua Pibor, Duop akaipokea dawa na kuilaza kwenye friji ya kliniki.

Usiku ule Nyamal hakuweza kula. Kesho yake simu ikaita. "Zimefika, bado za baridi," nyanya alisema. Nyamal akalia upya.

"Hesabu yako haikuwa mbaya," mama alimwambia. "Ubaya ni kwamba ulikisia, kisha ukaniambia ni maneno ya Fred. Ungesema hukumuuliza, ningelijaza boksi. Mtu akikutegemea, mweleze unachojua, na usichojua ukiri hukijui."

Mwezi uliofuata Nyamal alisimama kwenye foleni ya mizigo, jua likimchoma utosini. Fred alipomwona aliuliza, "Leo rula iko wapi?"

"Nimeiacha shuleni, Mjomba. Nimekuja kuuliza."