Rangi Iliyobaki Mlangoni

Mchana wa Jumamosi, maegesho ya nyuma ya soko yalifurika magari na makelele. Fundi wa kupuliza rangi za magari alikuwa akikatiza humo na kopo la tina ya kuzimulia rangi mkononi, ovaroli yake ina madoa ya kila rangi, alipomwona mwanamke aliyevaa gauni la bluu la wakunga. Mwanamke huyo alisimama mbele ya gari dogo jeupe kama mtu aliyefika msibani. Mlango wa dereva ulikuwa umebonyea na gurudumu la mbele limelala upande.

"Nimeingia kununua sabuni tu," alisema bila kuulizwa. "Natoka, nakuta hivi. Hata kikaratasi cha samahani hakuna!"

"Pole dada. Usilisogeze kwanza. Piga picha za mlango, gurudumu, na hivi vipande vya taa hapa chini. Tuwaulize walinzi nani kaona. Halafu polisi, leo hii hii, na bima usiwacheleweshe."

"Wewe fundi au wakili?"

"Fundi. Mawakili hawanuki tina."

Mwanamke akacheka. Kicheko hakijaisha, simu yake ikaita: mama mmoja kashikwa na uchungu, na nyumba ni mbali. Mkunga akapiga picha zake harakaharaka, akampa fundi namba ya simu, akashika mkoba na kukimbilia barabarani kutafuta usafiri.

Fundi akabaki kulinda gari. Alipoinama kuutazama mlango, aliona mstari mwembamba wa rangi ya maruni yenye chembe za fedha. Rangi ile haiuzwi dukani. Aliichanganya kwa mkono wake, kwa ajili ya gari moja tu: la baba yake.

Jioni aliwaachia walinzi gari. Alipofika nyumbani, mzee alikuwa anasikiliza redio.

"Baba, leo ulipita sokoni?"

"Nilipita. Nafasi hakuna, nikageuza. Kuna jiwe nililigusa."

"Jiwe?"

"Jiwe, mwanangu! Nimeendesha mabasi miaka thelathini na moja bila kukwaruza hata kuku, leo unihoji?"

Fundi alichungulia nje. Bampa ya maruni ilikuwa na mkwaruzo mweupe. Akaandaa maneno ya kumwambia mkunga, lakini yeye ndiye aliyetangulia kupiga simu.

"Nimechelewa, kaka," alisema, sauti imepasuka. "Mama ni mzima. Mtoto hakulia. Huyo aliyenigonga akakimbia, sijui analalaje."

Fundi akampa pole, la bampa hakuligusa.

Alimficha mzee funguo, akamdanganya kuwa injini mbovu. Gari jeupe akalipokea gereji, akaunyoosha mlango. Ule mstari alijaribu kuusugua mara tatu, na mara tatu akauweka msasa chini. Alikuwa mtu wa sala. Kufuta ushahidi aliona ni dhambi, na kunyamaza akakuita subira.

Mkunga alimwita Wakili. Walikwenda pamoja polisi, wakarudi kwa walinzi, wakaandika barua ya bima. Kila ushauri aliompa ulikuwa wa kweli, na kila mmoja ulimsogeza karibu na geti la nyumbani kwao, lililoficha gari la maruni. Katikati ya safari hizo wakapendana.

"Wakili wangu, umekula?"

"Nikishaisikia sauti yako, nimeshiba."

"Muongo! Mwanaume hashibi sauti. Nilikuwa nakuletea wali, basi naula mwenyewe."

"Aa, mpenzi, hiyo njaa imerudi sasa hivi!"

Jambo moja tu lilimkera mkunga.

"Miezi mitano, kwenu sikujui. Una mke huko?"

"Sina, wallahi."

"Basi unanionea aibu."

Jumapili moja akajipeleka mwenyewe, amevaa gauni la njano, kilemba kimekaa sawasawa, mkononi kapu la machungwa. Aliingia getini akitabasamu. Akaliona gari la maruni. Tabasamu likamtoka polepole. Alitoa simu, akafungua picha ya mlango wake, akaishika kando ya bampa. Fundi alikuwa amesimama kizingitini.

Mkunga akampita, akaingia ndani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nani huyo, muuza maziwa?"

Alikuwa hatua mbili tu mbele ya mzee. Mkunga akalitua kapu mezani, akamwekea mzee chungwa kiganjani.

"Mgeni tu, baba. Macho yako yalipimwa lini?"

"Macho yangu mazima!" mzee akajibu, akipapasa kisu pasipo na kisu.

Uani, mkunga hakupandisha sauti.

"Ulijua lini?"

"Siku ileile. Niliogopa kukupoteza."

"Mzee simlaumu. Yeye hakuona. Wewe uliona, ukanishika mkono tukamtafute."

Kesho yake fundi alimpeleka baba yake polisi, wakaandika maelezo yote. Mzee alilia kama mtoto aliposikia habari za yule kichanga.

Siku ya tisa baada ya hapo, mkunga akapiga simu. Fundi aliidaka.

"Mzee amefika kliniki ya macho?"

"Jana. Jicho moja watalifanyia upasuaji. La pili wamesema tumechelewa."

"Mpe pole."

"Mpenzi..."

"Usiniite hivyo, fundi. Kuna mama ananisubiri."

Simu ikakatika. Fundi akapiga magoti kati ya makopo ya rangi. Akaliombea jicho la baba yake, akamwombea yule mama aliyerudi nyumbani mikono mitupu, akamwombea mkunga njia salama. Zamu yake mwenyewe ilipofika, hakupata la kuomba.